Vyungu Kumi na Viwili vya Makwale

Marehemu walikuwa kumi na wawili, na wote walikuwa vyungu.

Inspekta Aliko aliwakuta Jumamosi asubuhi, mwaka 1992, wametapakaa mtaroni chini ya mteremko wa daraja la Makwale. Cha kumi na tatu kilikaa kwenye majani bila hata ufa. Pembeni alikuwepo mwenye baiskeli, Hezroni, mkono ameufunga kwa kanga ya mkewe na hasira imemjaa mpaka shingoni.

Alieleza yote kwa pumzi moja. Vyungu ni vya mama mkwe wake, Anyes, mfinyanzi aliyevileta kwa mtumbwi kutoka Ikombe. Hezroni alikuwa akivipeleka Kyela. Mteremkoni alibana breki zote mbili, baiskeli ikaendelea na safari zake. Na breki zenyewe mpya, zimefungwa juzi na fundi Lazaro.

"Ameniharibia makusudi," alisema. "Nilinunua raba kwa wafanyabiashara wa Malawi badala ya kwake. Akaniambia mbele za watu, 'Hizo raba zitakutoa meno.'"

Siku hizo za ruksa, biashara ikiwa huru, kila kitu kilivuka mto Songwe: sabuni, vitenge, mpaka raba za breki. Fundi aliyezoea kuuza peke yake alikuwa na sababu ya kununa. Kununa si kosa la jinai, lakini ilipofika saa nne Lazaro alikuwa mahabusu, na wateja wake wa siku ya soko wamehamia kwa fundi mwingine.

"Ulisema zitamtoa meno?" Aliko alimuuliza.

"Nilisema, afande."

"Kisha ukazilegeza."

"Nilizikaza. Kati ya raba na ringi niliacha nafasi ya kupita ukucha tu. Nikampandisha ajaribu, akasimama palepale."

Lazaro hakulalamikia kufungiwa. Alilalamikia jina lake. Miaka ishirini hakuna aliyeanguka kwa kazi ya mikono yake. Akipandishwa kizimbani Jumatatu, nani atamwachia tena baiskeli?

"Hata nikishinda kesi," alisema, "nimekwisha."

Aliko akaipindua baiskeli juu chini uwanjani. Waya ulikuwa umekazwa, raba nzima, nafasi ya ukucha ipo. Akabana breki, akasukuma gurudumu kwa mkono. Likazunguka. Akapitisha karatasi nyeupe juu ya ringi, ikatoka na rangi ya machungwa. Akainusa.

"Unatumia mawese kazini?"

"Mafuta ya mashine tu. Na ringi haipakwi mafuta, labda fundi awe amerukwa na akili."

Tatizo ni kwamba mawese yamo katika kila jiko la Kyela. Kwa ushahidi huo ingebidi aikamate wilaya nzima, akiwemo mkewe. Akaosha gurudumu la nyuma na raba zake kwa sabuni na majivu, la mbele akaliacha, kisha akapanda mwenyewe. Breki ya mbele haikushika kabisa. Ya nyuma ilimsimamisha ghafla, nusura amwage heshima ya Serikali mbele ya raia. Alifurahi sana.

Lakini nani aliyepaka? Aliinama tena. Ringi ilikuwa ya zamani, yenye kutu, na kutu hiyo ilikuwa imesuguliwa kwa vimistari vyembamba vilivyolala upande mmoja. Aliwahi kuviona mahali, tena leo leo. Akaenda mezani, akakiinua chungu kilichopona, ambacho sasa kiliitwa kielelezo. Shingoni kilikuwa na vimistari vilevile.

Alimkuta Anyes nyumbani kwa Hezroni, anachambua mchele. Akamwamkia kwa heshima, kisha akauliza.

"Mama, jana uliishika baiskeli ya mkweo?"

"Niliisugua."

"Kwa nini?"

Akafungua pindo la kanga, akatoa kokoto jeusi, laini. "Hili aliniachia mama yangu. Na mawese kidogo. Kwetu kitu hakitoki mkononi mwa mfinyanzi bila kusuguliwa."

"Nauliza sababu, mama."

"Binti yangu alipoolewa, ndugu zangu walicheka, wakasema kaolewa na mtu asiye na kitu. Sasa ana baiskeli yenye breki mpya, tena amekubali kubeba vyungu vyangu. Nilitaka ikipita sokoni ing'ae, waione."

Aliko akamweleza taratibu kwamba raba hushika chuma kikavu, na palipo na mafuta huteleza. Mama akauweka ungo chini.

"Kumbe ni mimi niliyemwangusha mwanangu," alisema. Aliko alimhurumia kwa dhati. "Na huyo fundi yuko wapi?"

"Mahabusu."

Anyes alikuwa ameshasimama.

Kituoni, pale juu ya mteremko karibu na soko, Hezroni aliomba radhi na Lazaro akapokea, ila macho yake yalikuwa kwenye benchi lake tupu ng'ambo ya barabara. Anyes aliyaona macho hayo. Akasubiri gurudumu la mbele lioshwe, akakichukua chungu chake kilichopona, akakaa kwenye keria.

"Nipeleke darajani, baba," alimwambia fundi. "Uteremke palepale alipoanguka mkwe wangu."

Soko zima likawafuata. Lazaro aliiacha baiskeli ishike kasi mpaka katikati ya mteremko, ndipo akabana. Ikasimama hatua mbili kabla ya daraja.

Anyes alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua alikitazama chungu mapajani, kizima, akamkabidhi Lazaro.

"Cha maji ya kunywa, hapo kazini kwako. Ndaga fijo, asante sana."

"Asante, mama. Kuanzia leo usugue kengele tu."

Walipanda mteremko kwa miguu. Walipofika juu, baiskeli nne zilikuwa zimeegeshwa kwenye benchi lake, na wenyewe wanabishana nani aliwahi foleni.