Kofia Aliyoivua Bumula

Tone la rangi ya kijani lilitoka juu likatua begani mwa Nanyama, kwenye gauni jeupe alilokuwa amelivaa kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekuja Kitale kununua wino wa mashine yake ya kopi, na sasa amesimama nje ya duka la mbegu saa sita mchana, siku ya soko, watu wakimpita na magunia ya mbolea vichwani.

"Wewe wa juu," alisema, "mimi si ukuta."

Mtu aliyekuwa kwenye ngazi aliacha kupiga mluzi akageuka. Alikuwa anachora mahindi makubwa ya tangazo, brashi ya pili akiwa ameibana kwa meno. Kichwani alikuwa na kofia ya majani, pana kama ungo. Shati lake la mikono mirefu lilifungwa vifungo mpaka shingoni, na juu yake akazungusha kitambaa.

"Pole, madam. Ni mahindi hayo, yameanguka kabla ya kukomaa."

"Utacheka vizuri ukilipa gauni. Na mbona umejifunika hivyo? Unaenda kurina asali?"

"Jua ni kali, bana."

"Si ni jua la kila mtu. Sisi wengine mbona tunatembea tu?"

Alishuka akamfuta bega kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, taratibu. Aliitwa Bethwel Kimeli, fundi wa kuchora kuta, wa miteremko ya Mlima Elgon.

"Nipe namba," alisema. "Nikupigie kesho nijue kama doa limetoka."

"Doa halina simu."

"Lakini lina mwenyewe."

Nanyama alimpa. Alipofika ng'ambo ya barabara alisikia mluzi, sauti mbili, moja ndefu na moja fupi. Aligeuka akamwona ameinua brashi.

"Mimi si ng'ombe," alimpigia kelele. "Siitikii mluzi."

"Siku moja utaitika."

Kesho yake Kimeli alipiga simu kuuliza habari ya doa. Keshokutwa doa lilikuwa limekwisha lakini bado alipiga. Nanyama alikuwa na duka la kopi na uchapaji karibu na chuo cha Kibabii, na wanafunzi walizoea kumngoja amalize kucheka na simu ameibana begani.

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula rangi tu, mrembo."

"Toa hiyo brashi mdomoni, utakufa mapema uniachie ngazi."

Wapenzi husema mambo kama hayo bila kujua wanachokishika.

Kuna jambo ambalo Kimeli hakumwambia. Miaka miwili kabla ya tone lile la rangi, figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa, na dadake Cherop akampa moja ya kwake. Tangu hapo alimeza dawa za kulaza kinga ya mwili, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, ili mwili usiione ile figo kama mgeni ukaifukuza. Angezimeza mpaka mwisho wa maisha yake. Siku alipotoka hospitali, nesi mmoja anayeitwa Chepkemei alimkalisha chini akamwambia kwa Kiswahili kisicho na kona: kinga ikilala, ngozi nayo haina mlinzi. Vaa kofia pana, mikono mirefu. Kazi ya juani ifanye asubuhi na jioni. Kidonda chochote kisichopona kwa wiki nne, kilete.

Hayo ndiyo mafunzo yote aliyopata, dakika kumi, kutoka kwa mtu mmoja aliyejali. Karatasi aliyopewa aende nayo ilikuwa ya Kiingereza, na picha yake ni mzungu amelala kwenye mchanga kando ya bahari. Aliporudi kliniki, Chepkemei alikuwa amehamishwa. Aliyekaa kiti chake aliitazama karatasi, akamtazama Kimeli, akacheka. "Hii ni ya wazungu. Wewe na hiyo ngozi yako unaogopa jua la nini?" Sentensi moja, mchana mmoja, na kicheko. Huyo mtu pengine ameshasahau. Sisi hatujasahau.

Kwa hiyo Kimeli aliivaa kofia akiiamini nusu. Nusu nyingine ilibaki wazi kwa yeyote atakayekuja kumwomba aivue.

Aliyekuja ni Nanyama.

Mwaka uliofuata alimpeleka kwao Bumula kumjulisha kwa baba yake, Mzee Makokha, mwalimu mstaafu. Nanyama alivaa kitenge cha samawati na ushungi wake. Kimeli alivaa suti ya kijivu, tai nyekundu, na kofia ile ya majani. Wazee walikaa chini ya hema. Wageni walipangiwa viti vya plastiki mbele yao, juani, kwa sababu ndivyo muoaji hukaa siku anayotazamwa.

Mzee Makokha alitazama kichwa cha mgeni muda mrefu.

"Kijana, kwenu huko mlimani mnasalimia wakwe na kofia?"

Watu wakacheka. Kimeli akatabasamu, lakini hakuiondoa. Angeweza kusema wakati huo. Sentensi ilikuwa tayari kooni. Lakini alikumbuka nyumba nyingine, kabla ya Nanyama, ambako alisema ukweli na mama wa msichana akajibu kwamba hawaozi binti yao kwa mtu wa spea.

Nanyama aliinama sikioni mwake. "Vua kofia, Kimeli. Unaniaibisha. Tafadhali."

Akaivua. Akaiweka magotini, akakaa hivyo mpaka saa tisa, akijibu maswali ya mifugo na mashamba, jasho likimwingia machoni. Wazee walimpenda. Walipokuwa wanaondoka, Nanyama aliichukua ile kofia akampa nyanya yake awe akipalilia nayo.

"Sasa nitakuwa nakuona uso," alisema. "Uso mzuri hivi unaufichia nani?"

Kimeli alicheka. Ni nani hukataa maneno kama hayo? Kwa mwaka mmoja na nusu alichora kuta za Kitale, Bungoma na Malakisi kichwa wazi, mikono ya shati imekunjwa, kwa sababu msichana alimwambia ana mikono mizuri. Na brashi, kama kawaida, mdomoni.

Kidonda kilianza kwenye mdomo wa chini, mahali brashi hukaa. Kidogo, kikavu, kama gamba. Alikipaka mafuta ya mgando. Kikatoka, kikarudi, kikawa kigumu. Wiki nne zikapita, zikawa wiki kumi na mbili. Alijiambia ni brashi, ni rangi.

"Hicho kitu hakiponi?" Nanyama aliuliza siku moja akigeuza uso kukwepa busu lake.

"Ni rangi tu."

Jumamosi moja Nanyama aliamkia njiani kutoka Bungoma akamkuta Kimeli chumbani kwake Kitale kabla hajanywa chai. Kimeli alitoka kwenda kununua maziwa, simu akaiacha mezani. Saa mbili kamili ikalia. Kwenye kioo chake palikuwa na neno moja: DAWA. Nanyama alitafuta mahali pa kuizima, mguu ukagonga mfuko chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na mikebe minne ya vidonge, na kila mmoja umebanduliwa karatasi yake.

Dawa za kila siku, zenye saa yake, zimefichwa majina. Na kidonda mdomoni. Nanyama alijumlisha kama ambavyo mtu yeyote wa plot ile ya vyumba vya kupanga angejumlisha, akaondoka kabla maziwa hayajafika.

Alipiga simu akiwa ameshafika Bungoma.

"Ni tangu lini, Kimeli?"

"Tangu lini nini?"

"Nimeona mikebe. Kila siku unanibusu na huo mdomo na unanificha. Ungeniambia tungeenda kupimwa pamoja, mimi si mtoto. Kitu nisichoweza ni kudanganywa."

Kimeli alielewa anachofikiriwa. Angeweza kumaliza yote kwa neno moja, figo. Lakini aliumia kwamba ameshahukumiwa, na kiburi chake kikawahi.

"Fikiria unavyotaka," alisema.

"Basi usinipigie tena."

Hakupiga. Nanyama naye alikuwa akiitazama simu kila jioni, na kila jioni akawa na sababu mpya ya kutoishika. Walipoteza miezi mitano hivyo, na miezi mitano kwa kile kilichokuwa kwenye mdomo wa Kimeli ilikuwa mingi.

Mwanamke mrefu mwenye sweta ya kahawia aliingia dukani Kibabii asubuhi, mashine ikiwa inatoa kopi za mwanafunzi.

"Karibu, dada. Kopi ngapi?"

"Sitaki kopi. Wewe ndiye Nanyama?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Cherop. Bethwel ni ndugu yangu."

Nanyama alikaza uso. "Kama amekutuma—"

"Hajanituma. Saa hii hata kuongea hawezi. Wamemkata mdomo juzi. Ni kansa ya ngozi."

Nanyama alishika meza. "Lakini zile dawa... mimi nilidhani ni za virusi."

"Na kama zingekuwa za virusi, ungemtupa kwa simu?"

Cherop aliinua sweta upande, akamwonyesha kovu refu chini ya mbavu.

"Figo yangu moja ilitoka hapa, sasa iko kwake. Zile dawa zinalaza kinga ndiyo figo yangu ikae. Lakini kinga ikilala, jua linaharibu ngozi na hakuna wa kutengeneza. Waliniambia na mimi nikiwa nimelala kitanda cha pili: huyu avae kofia maisha yake yote. Nilizunguka soko zima nikitafuta pana. Niliinunua mimi." Akashusha sweta. "Nilitaka kukuona tu. Nilitaka kujua ni nani aliyemvua kofia."

Mashine iliendelea kutema karatasi, moja juu ya nyingine, mpaka zikaanza kuanguka sakafuni.

Kesho yake Nanyama alienda hospitali akiwa amevaa lile gauni jeupe, begani kuna kivuli cha kijani ambacho hakikuwahi kutoka kabisa. Alimkuta Daktari Muigai, aliyekuwa akimtibu Kimeli, kwenye korido.

"Daktari, ni jua la siku gani?"

Daktari alikuwa mtu mpole. "Hakuna anayeweza kukuambia. Ni jua la miaka yote, hata kabla ya figo. Na dawa zenyewe zinachangia. Ngozi nyeusi inakinga kiasi, lakini haikingi yote, hasa kwa mtu kama yeye. Na kidonda kingine kikija kinaweza kuja hata mahali jua halifiki."

"Na kama angekuwa na kofia?"

Daktari alitazama kile kivuli cha kijani begani mwake. "Ingesaidia."

Neno hilo moja Nanyama analo mpaka leo.

Kimeli alikuwa ameketi kitandani, sehemu ya chini ya uso imefungwa bandeji. Alipomwona alitazama dirishani, kisha akachukua simu akaandika, akamgeuzia kioo.

*Doa halijatoka.*

Nanyama alicheka na machozi yakamtoka papo hapo. "Kwa nini hukuniambia?"

*Niliogopa utakimbia.*

"Labda ningekimbia. Sijui. Hukunipa nafasi ya kujijua."

Aliandika muda mrefu, akafuta, akaandika tena. *Siku ile Bumula nilitaka kusema. Ulisema vua nikavua. Hata kliniki mtu alishanicheka kwa kuogopa jua. Si kosa lako.*

"Usiniondolee, Kimeli. Niache nibebe changu. Wewe beba chako, yule wa kliniki aliyecheka naye abebe chake."

Alimshika mkono. Walikaa hivyo mpaka simu ikalia saa ya dawa, na Nanyama akammiminia maji yeye mwenyewe.

Daktari alimbadilishia Kimeli dawa moja, akamwambia asiguse nyingine bila kumuuliza, na awe anakuja kila miezi mitatu. Kila akija wanamkagua midomo, masikio, nyayo, wanapapasa shingo kutafuta uvimbe. Mpaka sasa shingo ni safi. Wanasema mpaka sasa. Hakuna anayesema zaidi.

Miezi minane baadaye, ukuta wa kliniki ya figo mjini Bungoma ulikuwa na picha ya mwanamume mweusi mwenye kofia pana na mikono mirefu, ameshika kioo anajitazama mdomo. Kimeli alichora asubuhi na jioni tu. Maneno yalipangwa na Nanyama kwa Kiswahili, herufi kubwa, bila bahari na bila mchanga: UNAMEZA DAWA ZA KULAZA KINGA? JUA NI LAKO PIA. JIFUNIKE. PAKA MAFUTA YA KUKINGA JUA, HATA MDOMONI. JIKAGUE KILA MWEZI. KIDONDA CHA WIKI NNE USIKIBEMBELEZE.

Mama mmoja mgonjwa alisimama akasoma polepole. "Si haya ni ya wazungu?"

"Mama, muulize huyo aliye kwenye ngazi," Nanyama alisema.

Kimeli aligeuka. Mdomo wa chini ulikuwa umevutwa upande mmoja, mfupi, na kovu likashuka mpaka kidevuni. Mama alimtazama, akaivuta leso yake mpaka usoni, akaingia ndani.

Simu ya Nanyama ililia. Alisikiliza, akasema ndiyo baba mara tatu.

"Nini?" Maneno ya Kimeli sasa yalitoka na upepo pembeni.

"Baba anauliza utakuja lini kumaliza yale mliyoanza. Amesema utakaa chini ya hema na wazee. Na amesema usivue kofia."

"Nyanya ameirudisha?"

"Imetoboka. Nimekununulia nyingine."

Kimeli alirudi ukutani. Brashi ya pili aliitia mfukoni. Nanyama aliokota mkebe mtupu akaanza kwenda kuutupa, na alipofika kona akasikia nyuma yake pumzi, moja ndefu na moja fupi, isiyo na sauti yoyote ndani yake.

Alisimama.

"Naam," akaitika.