Mkasi wa Fundi Sentimita

Fundi cherehani huyo walimwita Sentimita, kwa sababu hakuona kitu bila kutaka kukipima. Mkewe alipoanza kutumia vidonge vya saratani, navyo akavipima. Mkewe alilalamika kwamba vilikuwa vikubwa, vinamkwama kooni. Basi Sentimita akashika mkasi wa vitambaa, akavikata katikati, akavitia kwenye kopo la vifungo.

"Sawasawa kabisa!" alijisifu, huku akipuliza unga mezani. "Hata kiwandani hawakati hivi."

"Mume wangu, leo asubuhi nusura nimeze kifungo."

"Ukakitambuaje?"

"Kilikuwa na matundu manne."

Siku ya kliniki, binti yao, mwenye mimba ya miezi mitano, aliwasindikiza hospitali. Kwenye dirisha la dawa, mfamasia akauliza, "Mama, vidonge unavimezaje?"

Sentimita akadakia. Akatoa kopo mfukoni, akalitikisa kama kayamba. "Kwa kazi ya mkono wangu!"

Mfamasia aliposikia habari ya mkasi, akainuka. "Baba, usilifungue! Liweke hapo. Nani mwingine hulishika?"

"Mimi," binti akajibu. "Huwa natafuta vifungo humo."

Tabasamu likamfutika Sentimita. Akalitazama tumbo la binti yake.

"Dawa hii hupambana na saratani," mfamasia akaeleza, "lakini unga wake unaweza kumdhuru asiye mgonjwa, hasa mtoto aliye tumboni. Usiikate wala kuisaga. Ibaki kwenye chupa yake. Ikikwama kooni, tuambieni, tutafute njia. Dada, twende ukamwone daktari sasa hivi."

"Nimewadhuru wote wawili, binti na mjukuu," Sentimita akanong'ona.

"Kosa ni letu pia, baba. Tulieleza, ukaitikia 'ndiyo, ndiyo', tukaridhika. Hatukukuuliza utafanyaje nyumbani."

Akavaa glavu, akalitumbukiza kopo kwenye chombo cha taka za dawa.

"Hata vifungo?"

"Hata vifungo."

"Humo mna vya suruali ya mwalimu mkuu!"

"Mwalimu mkuu aishike kwa mkono."

Daktari alimpima binti, akasema mtoto anaendelea vizuri, ila watamfuatilia. Mama akapewa vidonge vidogo vya dawa ileile. Tangu siku hiyo, hakuna aliyeondoka kwenye dirisha lile kabla ya kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, atakavyotumia dawa yake nyumbani. Sentimita alieleza mara tatu, mpaka foleni ikaguna.

Nyumbani, mama alifungua chupa mwenyewe, akameza kidonge kizima, akanawa mikono. Meza ya kushonea ikasafishwa kama walivyoelekezwa. Binti hakugusa dawa tena.

Miezi minne baadaye alijifungua msichana mwenye sauti ya king'ora. Sentimita alikuja mbio, futi kamba shingoni.

"Mikono?" mkewe akauliza.

"Nimenawa mara mbili!" Akampima mjukuu kichwa hadi kisigino. "Sentimita hamsini na moja!"

"Haya," mkewe akasema, akimpokea mtoto. "Na huyu naye mwache hivyo hivyo, mzima."