Laptop ya Mwalimu Kiden

Sokoni Arua, kwenye meza ya vifaa vya simu, mikono miwili iliishika chaja moja. Mmoja ulikuwa wa Acidri, kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri. Wa pili ulikuwa wa Rosa Kiden, mwalimu wa shule ya msingi Koboko, gauni lake la kitenge cha njano likiwaka juani.

"Niachie, kaka. Mimi natoka mbali."

"Mbali iko wapi?"

"Koboko."

"Basi chukua. Lakini nipe namba yako, nijue kama umefika."

Kiden alicheka, akampa. Alipomuuliza kazi yake, Acidri alijibu, "Nauza laptop mpya."

Ulikuwa uongo. Kule Mvara, mtaa wa Arua, alikuwa na kibanda cha kufufua laptop zilizotupwa. Aliiondoa Windows iliyozilemea, akaweka Linux, mfumo mwepesi wa kuendeshea kompyuta, na mashine iliyochukua robo saa kuamka ikaamka kabla hujamaliza kupiga chafya. Alikuwa hodari. Lakini aliona haya kumwambia mwalimu nadhifu vile kwamba anaishi kwa takataka za watu.

Walipigiana simu kila jioni, na mwezi wa tano wakachumbiana. Acidri akampelekea laptop. "Mpya kabisa, mpenzi wangu."

Wiki moja baadaye Kiden alipiga simu mchana. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Leo nimeifungua mbele ya walimu wote. Nikajisifu, mchumba wangu ameninunulia mpya. Stika ya chini ikabanduka. Kumbe kuna jina limechorwa kwa msumari. Mwalimu Severino akaruka: 'Hii iko yangu! Jina ni la mtoto yangu. Niliacha Arua kwa fundi, ilikufa, sikuitaka tena!' Walinicheka, Acidri. Walicheka mpaka chai ikamwagika."

"Kiden, mpenzi..."

"Usiniite mpenzi. Hiyo stika nani aliibandika?"

Acidri ndiye aliyeibandika, akijua anachoficha. Simu ikakatika.

Siku tisa Kiden hakupokea simu. Kila Acidri alipoinamia mashine aliona uso wake mwenyewe kwenye kioo cheusi, akageuka upande.

Siku ya kumi alipanda gari la Koboko akiwa amevaa ovaroli yake ya kazi. Aliwakuta walimu wakinywa chai.

"Mwalimu Kiden hakujua," alisema, jasho likimtiririka mgongoni. "Mimi ndiye niliyemdanganya. Mimi ni fundi. Nanunua laptop zilizokufa, naziamsha."

Mwalimu mmoja aliguna. Severino akakohoa. "Lakini ile inawaka mbio kuliko siku niliyoinunua."

Acidri hakuinua kichwa. Kiden alisimama, akamtoa nje hadi getini.

"Uliona aibu ya nini?"

"Niliogopa utaniona mtu wa takataka."

"Ningejisifu mara mbili! Kununua, mtu yeyote ananunua. Wangapi wanafufua? Badala yake nimechekwa kwa uongo wako. Hasira bado iko."

"Nirudi Arua?"

Ng'ambo ya barabara shangazi yake, Keji, aliacha kugeuza mihogo kwenye mafuta, akawakazia macho. Kiden akaushika mkono wa Acidri, mweusi kwa grisi. Acidri alitaka kuuficha mfukoni; Kiden akaukaza, wakavuka.

"Shangazi, huyu ni Acidri. Ni fundi. Bado nimemkasirikia, lakini ndiye atakayenioa."