Mwenye Jina Ashikwe Mkono

Jioni hiyo mume wangu alikuwa amenituma maziwa, na ndiyo sababu sikuwa naye nyumbani.

Kipindi chetu cha Jumatano hurekodiwa mchana. Jioni Misheck, meneja wetu, hukirusha hewani akiwa peke yake, nami hutoka mapema nikajisikilize njiani. Usicheke. Mtangazaji asiyeipenda sauti yake mwenyewe bado hajazaliwa. Na hapa Majimbo, mtaa tunaokaa mjini Embu, vibanda vyote hufungulia redio yetu. Wanatupendea siasa za kuwakera wakubwa, na muziki ambao stesheni nyingine haziugusi: benga ya zamani, rege, ngoma za Chuka, taarabu, chochote chenye uhai.

Siku hiyo tulikuwa na wanakijiji wa kando ya bwawa la Kiambere. Maji yalikuwa yamelifunika bonde lao zamani, na sasa kipande cha ardhi kilichobaki kilikuwa kinazungushiwa ua na mheshimiwa mmoja. Simtaji jina, nina familia. Baada ya malalamiko yao niliweka wimbo wa wanawake wa hapo, niliokwenda mwenyewe kuurekodi. Ni wimbo wa kuwaita waliozikwa bondeni kabla ya maji kuingia. Wanaitwa, wanasalimiwa, wanapewa habari za nyumbani, kisha wanarudishwa mmoja mmoja, kwa jina.

Kiongozi wa wanawake hao, bibi kizee tunayemwita Cucu Wambeti, alinishika kidevu nilipokuwa nikiaga.

"Ukiupeleka kwa redio, upeleke wote," alisema. "Mgeni ukimwita, lazima umsindikize."

Nilimwambia Misheck maneno hayo mara mbili, kwa sababu Misheck ni mtu wa kusahau.

Basi nikafika kwa Mama Kithinji, muuza maziwa, jua likiwa limeshazama. Ngoma ilikuwa inanguruma kutoka kwenye redio yake ndogo. Mama Kithinji naye ni wa Kiambere. Alikuwa akinimiminia maziwa huku akitikisa mabega, akitabasamu. Sauti za wanawake zikapanda... zikapanda...

Kimya.

Wimbo haukupunguzwa taratibu. Ulikatwa kama kuku anavyokatwa shingo. Kisha likaingia tangazo la simiti, lenye furaha nyingi.

Maziwa yaliendelea kumiminika. Yakajaa chupa, yakamwagika mezani, yakaloweka viatu vyangu. Mama Kithinji hakuwa akitazama.

"Mama Kithinji... maziwa."

Aliinua uso. Midomo yake ilikuwa ikitetemeka kwa baridi, na jioni ilikuwa na joto.

"Mbona tumeachwa nje?" alinong'ona.

Haikuwa sauti yake. Na hapo harufu ikanifikia. Harufu ya tope la chini kabisa ya bwawa, tope lisilojua jua, pamoja na samaki waliokufa. Majimbo hakuna bwawa.

Niliacha maziwa nikakimbia. Niliogopa, sitaficha. Nyuma ya mlango mmoja nilisikia mtu akikohoa kama aliyepaliwa. Mbele kidogo mtoto alikuwa akilia, "Baba, fungua macho! Baba!" Na kila redio niliyoipita ilikuwa bado inasifia simiti.

Njoka, mume wangu, alikuwa amesimama katikati ya sebule.

Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini. Sakafu ilikuwa kavu.

Njoka ni mhasibu wa kanisa, mtu anayecheka uchawi mpaka machozi yamtoke. Ukoo wake ni wa Kiambere, lakini amezaliwa na kulelewa Nakuru, na Kimbeere chake, lugha ya huko, ni cha kuombea maji tu. Lakini alinisemesha Kimbeere kizito, cha mzee asiye na meno. Mimi ni Mmeru wa Laare, lugha zetu ni majirani, kwa hiyo niliokota maneno mawili matatu. Baridi. Nyumbani. Wewe ni nani?

"Njoka... ni mimi. Ni Kagwiria."

Alikohoa. Maji ya kahawia yakamtoka mdomoni, yakateremka kidevuni.

Nikampigia Cucu Wambeti. Nyuma yake nilisikia wanawake wakiimba mstari uleule mmoja, wakirudia, wakirudia, kwa sauti zilizochoka.

"Mmeukata," alisema.

"Si mimi, Cucu!"

"Nani amekuuliza ni nani? Wamefika mlangoni na mlango umefungwa. Kwako ni nani ameshikwa?"

"Mume wangu. Njoka."

"Hiyo jina ni ya guka yake?"

"Ndiyo, Cucu."

Alivuta pumzi. Huku kwetu kifungua mimba wa kiume hupewa jina la guka, baba wa baba yake, na watu husema mzee amerudi. Nilidhani ni maneno ya kufurahisha wazazi.

"Sasa sikia," alisema. "Tukimrudisha mzee kwa jina, yule mtoto amebeba hiyo jina anashikwa mkono. Anashikwa kabisa. Asiposhikwa, anafuata. Jina ni moja, na njia ni moja."

"Basi warudisheni, Cucu, nakuomba!"

"Tumejaribu. Ulimi unarudi tu pale mlikata. Lazima wimbo umalizwe kwa redio, usikike kila mahali ulikatwa. Wewe ndiye ulitupandisha huko. Wewe utushushe."

Wimbo nilikuwa naujua. Nilikuwa nimeusikiliza siku nzima nikiusafisha kelele za upepo na mbuzi, hata nikiosha vyombo ulikuwa unanitoka mdomoni.

Misheck alipokea simu kabla haijaita.

"Kagwi, usinipigie kelele. Watu wa mheshimiwa walipiga. Wakasema hiyo maneno isipotoka hewani sasa hivi, leseni imeenda. Nikakata. Nikafuta file yote. Niliogopa, Kagwi."

"Niweke hewani. Kwa hii simu. Nitaumaliza mwenyewe."

Akasema kwa sauti ya chini sana:

"Kwa nini viatu yangu iko na maji?"

Hasira ilinitoka yote. Nilimweleza upesi, nikimtazama Njoka aliyekuwa amepiga magoti, maji yakimtoka puani sasa. Misheck alisikiliza.

"Utaimba majina yote?"

"Yote."

"Kuna Ngari?"

Lilikuwa jina la mwisho katika wimbo.

"Mimi ni Misheck Ngari," alisema. "Guka amezikwa huko chini."

Miaka yote hiyo nilikuwa namjua kama Misheck tu.

"Mwite soja wa getini akushike mkono!"

"Ametoka kwenda kununua chai. Nimeita hadi nimechoka."

"Basi toka nje, Misheck! Shika mtu yeyote!"

"Nikitoka, nani atafinya hii kitufe? Si unaijua. Ukiiachilia, simu inatoka hewani."

Ninaijua. Kitufe cha simu za wasikilizaji kiliharibika zamani, tukawa tunakishikilia kwa kidole mpaka msikilizaji amalize. Tulikuwa tunataniana kwamba redio huru ni ile isiyo na fundi.

Njoka alianguka kifudifudi. Kifua chake kilitoa mlio wa chupa inayojazwa kisimani.

"Huyo ni Njoka nasikia?" Misheck aliuliza.

"Ndiye."

"Si ni mimi nilikata," alisema. "Imba."

Tangazo likazimika. Sauti yangu ikanirudia kutoka kwenye redio yetu, na kutoka ukuta wa jirani, na wa jirani yake.

"Wasikilizaji, kila mwenye jina la babu au nyanya yake wa Kiambere, ashikwe mkono. Sasa hivi. Msiulize. Kama uko peke yako, kimbilia kwa jirani."

Niliwapa muda wa kukimbia. Ulikuwa mfupi, lakini mume wangu hakuwa na zaidi ya huo. Kisha nikamshika mkono Njoka. Ulikuwa wa baridi na wenye utelezi. Nikaimba kuanzia mstari uliokatwa.

Ireri, nyumbani kwako ni kule, nenda kwa amani. Ciarunji, nenda kwa amani. Nthiga...

Kwa kila jina, mahali fulani mtaani mtu alipiga kelele, kisha akanyamaza. Nilisikia mlango ukibamizwa. Nilisikia mtu akisema, "Nimekushika, Mama, nimekushika."

Njoka, nyumbani kwako ni kule...

Akavutwa. Hakuna aliyemshika, lakini alivutwa kuelekea mlangoni, mwili mzima ukiburuzika sakafuni, nami nikiburuzwa naye. Niliubana mguu wa kochi kwa goti. Kucha zangu zikaingia kwenye ngozi yake. Niliimba huku nikilia, na wimbo ule hauimbwi kwa kulia.

...nenda kwa amani.

Mkono ukapata joto.

"Kagwi," Njoka alisema kwa Kiswahili chake cha Nakuru. "Unaniumiza."

Mume wangu alikuwa amerudi. Ningeweza kunyamaza hapo. Lakini jina moja lilikuwa limebaki, na wimbo ukikatwa tena, wote wangerudi milangoni, na Njoka kwanza. Nilisubiri kidogo, nikitumaini kusikia mlango wa studio, hatua za soja, kikombe cha chai kikiwekwa mezani. Nilisikia tu pumzi za Misheck, nzito, zikibubujika.

Niliimba Ngari.

Kwenye simu kiti kikasukumwa nyuma, polepole, kama mtu anavyoinuka kumpisha mkubwa wake. Kisha hatua. Hatua zenye maji, zikienda mbali na kitufe.

Na sauti yangu iliendelea kusikika kwenye redio. Mpaka neno la mwisho.

Ni nani aliyekuwa amekifinya?

Soja alirudi akakuta mlango uko wazi, sakafu imekauka, na kitufe kimezama ndani bila kidole juu yake. Polisi wanasema Misheck aliwakimbia watu wa mheshimiwa. Watu wa mheshimiwa wanasema alitukimbia sisi. Bwawa halijarudisha chochote, na mimi sijamwambia mtu atafute huko.

Njoka hakumbuki lolote. Ana alama za kucha mkononi, na haniulizi zilitoka wapi.

Jana Cucu Wambeti alinipigia. Siku ya kuwasalimia waliozikwa bondeni imekaribia tena.

"Safari hii," alisema, "Ngari ataitwa mara mbili."

Nilimweleza Veronicah, mke wa Misheck. Nilidhani atanitukana. Badala yake ameshona nguo mpya, na ameniomba tuende pamoja, kwa sababu ana habari nyingi za nyumbani za kumpa mumewe. Anahesabu siku. Sijui nitamwambiaje kwamba salamu zikiisha, mimi ndiye nitakayeombwa kumrudisha.