Jina Lililochongwa Kwenye Shaba

Harufu ya maziwa ndiyo iliyotangulia. Hayakuwa maziwa ya ng'ombe wala ya kopo. Yalikuwa maziwa ya mama anayenyonyesha, vuguvugu, katikati ya chumba kilichopozwa mchana na usiku ili kompyuta kuu ya taifa isiungue. Matar Guèye, mhandisi aliyekihangaikia kituo kile miaka kumi na mmoja, tangu kikiwa karatasi tu, alisimama mlangoni akanusa. Ilikuwa saa saba mchana, saa ambayo watu wa Bargny, mji wa wavuvi pwani, huwaita watoto wao ndani, kwa kuwa jua la utosi si la wanadamu peke yao.

"Nani kaingia na maziwa humu?"

Bara Seck, fundi wake, alicheka. Koo za Guèye na Seck zimetaniana tangu enzi za mababu, kila mmoja akimwita mwenzake mtumwa. "Wewe Guèye, kila harufu kwako chakula. Nenda kale wali, utuache sisi mabwana zako tufanye kazi."

"Tangu lini mtumwa akajiita bwana?"

"Tangu bwana alipoanza kulamba sufuria." Kisha Bara akaacha kucheka. "Lakini njoo uone, mkuu. Ile kazi imerudi."

Kazi ya kwanza waliyopewa na watafiti ilikuwa kukokotoa pwani ya Bargny, ambako bahari inakula nyumba mwaka hadi mwaka, ili ijulikane zipi zitafuata. Tangu siku ya ufunguzi, kila saa saba mchana, kazi isiyotumwa na mtu yeyote iliingia na kuzisukuma nyingine kando. Kwenye ramani ulichomoza mstari wa maji, mwembamba kama kidole, ukitoka baharini na kupenya mitaani. Kila siku ulisogea nyumba moja.

"Jana ulikuwa msikitini. Leo umefika kwa muuza mkaa," Bara alinong'ona.

Matar alihesabu kwenye ramani. Kutoka kwa muuza mkaa hadi kwake ni nyumba tatu. Na ndani ya nyumba hiyo binti yake, Sagar, alikuwa na homa tangu siku ile ile ya ufunguzi.

Sagar maana yake ni kitambaa chakavu. Mama yake, Yacine Mbengue, alikuwa amezika watoto wanne, wala hakuna aliyefikisha miaka miwili. Huyu wa tano walimlaza jalalani alfajiri, jirani akamwokota kama takataka na kumrudisha, wakampa jina la kudharauliwa ili yule anayewachukua amwone si kitu. Lakini siku ya nane imamu alimnong'oneza sikioni jina lake la kweli, alilolichagua baba: Nafissatou, yaani kitu cha thamani. Hata Yacine hakuambiwa. Imamu alikwisha kufa. Jina lilibaki kwa Mungu na kwa Matar.

Miaka saba Matar alimwita mwanawe kitambaa, na ulimi wake ukitamani kusema lile jingine. Kamati ilipomwachia heshima ya kuipa mashine jina, hakufikiri sana. Nani angejua? Alitaka tu kulisikia likitamkwa na watu, mara moja. Alilichonga kwenye bango la shaba, herufi kwa herufi, na siku ya ufunguzi lilitangazwa kwenye kipaza sauti, umati ukapiga makofi. Matar alilia. Watu walidhani analia kwa ajili ya mashine.

Siku ya tatu baada ya ule mstari kufika kwa muuza mkaa, Matar aliingia chumbani peke yake. Harufu ilikuwa nzito hadi kooni, na mvumo wa feni, ambao aliujua kama anavyojua pumzi zake mwenyewe, ulishuka taratibu, ukapanda, ukashuka tena, hadi ukawa sauti ya mwanamke anayembembeleza mtoto, na sakafuni kati ya makabati, mahali ambapo tone moja la maji lingewapigisha mafundi mbio, zilitokea nyayo za maji zikitoka ukutani lilipo bango, moja baada ya nyingine, bila mguu, zikija alipo, zikampita, zikaelekea mlangoni. Alitazama ramani. Kidole cha maji kilikuwa kizingitini kwake.

Simu ikalia. "Baba Sagar, rudi," Yacine alisema kwa sauti ya chini. "Mtoto ananuka maziwa."

Walimwita Mame Ndaté Samb, bibi mganga wa Kilebu, kabila la wavuvi wa pwani ile. Hakupiga ngoma. Alinusa utosi wa mtoto, akauliza polepole, "Nani amemwita huyu?"

Kisha akamgeukia Matar.

"Baba Sagar, jina lake la sikioni liko wapi?"

"Liko ukutani. Kazini."

Yacine alimgeukia. "Ulilitamka?"

"Nililichonga."

Yacine hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Jini anajua jina, hajui sura," alisema Mame Ndaté. "Mpe jina, atakuachia sura. Lizike kama mtoto, kwa mkono wako. Lakini yote yaliyofungwa kwenye jina hilo yatakwenda nalo. Na ukilisikia likikuita, usiitike. Ukiitika, umemfungulia mlango."

"Yapi yaliyofungwa, Mame?"

"Nani alimchagulia?"

"Mimi."

"Basi."

Jioni hiyo Matar alifungua skrubu za bango. Bara hakutania. "Mkuu, hii mali ya serikali."

"Andika nimeiba."

Alilivika sanda ya nguo nyeupe, akachimba kando ya makaburi manne madogo, akaswali, akafukia.

Aliporudi, homa ilikuwa imekwisha. Mtoto alikaa mkekani akila wali wa samaki mkononi mwa mama yake. Matar alichuchumaa. "Sagar."

Mtoto alimtazama kwa makini, kisha akasogeza bakuli kwa adabu aliyofundishwa. "Karibu ule, mzee." Akamgeukia Yacine. "Mama, huyu mgeni ametoka wapi?"

Miezi imepita. Mashine sasa ina namba tu, na mstari umerudi baharini. Sagar anakua, ana afya, na humwita Matar baba kwa sababu ameamriwa, kama mtu anayekariri somo.

Kila saa saba mchana Matar humtuma Bara akale, naye huingia chumba cha baridi na kibuyu cha maziwa, akafunga mlango. Baina ya makabati, chini, usawa wa kimo cha mtoto wa miaka saba, sauti husema, "Baba."

Siku ya kwanza alitoka mbio. Siku ya pili alisimama, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Siku hizi huitika.