Kufuli la Merv

Coral alisimama kwenye kigeti kilichotenganisha uwanja wake na wa Merv, mkate wa moto umefungwa kitambaa mkononi, akaona kufuli. Jipya, linang'aa. Tangu kila mmoja afiwe na mwenzi wake wa ndoa, kigeti hicho hakijawahi kufungwa hata kwa kamba. Jioni ikifika, ama Coral avuke na mkate, ama Merv avuke na uchokozi wake.

"Merv, toka nje."

Merv akatokea, macho chini.

"Umefunga?"

"Nimefunga."

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mpenzi. Ni hii kura. Wanasema Ndiyo ikishinda, jirani Mwaborijini aliyezoea kupita uwanjani kwako anaweza kuudai uwe wake."

"Wanasema kina nani?"

"Imekuja kwenye simu."

Coral akaguna. Mwezi mzima alikuwa akigonga milango ya mji wao mdogo kando ya mto Lachlan. Aliwaeleza watu kwamba kura ile ni ya kuingiza kwenye katiba chombo cha watu wake, Waaborijini na wenyeji wengine wa asili wa Australia, kitakachotoa ushauri kwa bunge na serikali. Ushauri tu, hakina ubavu wa kumnyang'anya mtu hata chungu cha maua. Kumbe uongo umelala jirani, tena kwa mwanamume anayempenda. Ilimuuma kweli.

"Merv, si uliniomba unioe wewe?"

"Nilikuomba. Bado nakutaka."

"Nikakukatalia, nikasema nimezoea kulala peke yangu. Sasa anayewinda uwanja wako angekataa ndoa ya kumpa uwanja, nyumba na wewe mwenyewe juu, eti anasubiri kura ya maoni?"

Merv akakuna kichwa. "Hilo sikuliwaza. Niliona Kerryn analia."

"Binti yako? Analia wapi?"

Akampa simu juu ya kigeti. Ujumbe ule alikuwa ameutuma Kerryn, na chini yake kulikuwa na vinyuso vitatu vya njano vinavyotoa machozi. Coral akavitazama, kisha akampigia Kerryn hapohapo na kuweka spika.

"Kerryn, mwanangu, ni Anti Coral. Unalilia urithi?"

"Urithi gani, Anti?"

"Ule ujumbe wa viwanja."

"Ule upuuzi? Nilimtumia baba tucheke. Si niliweka emoji za kucheka?"

"Baba yako kaona machozi."

"Baba, hayo ni machozi ya kicheko. Umefanya nini?"

"Nimenunua kufuli," Merv alisema kinyonge.

Kerryn akacheka mpaka akashindwa kuaga. Coral hakucheka.

"Hata kama angekuwa analia, Merv. Ungevuka ukaniuliza. Umeiamini simu, mimi ukaniona mwizi."

"Nisamehe. Niliona aibu kukuuliza, sikuona aibu kukufungia. Nipe adhabu."

"Fungua hilo dude. Kesho tunagonga milango pamoja."

Wakagonga. Kila mlango Merv alijichongea mwenyewe: "Mjinga aliyemfungia mpenzi wake nje kwa sababu ya emoji ni mimi. Muulizeni mwenyewe anachotaka, yuko hapa." Wengine walicheka, wakauliza, Coral akawajibu. Wengine walifunga mlango. Njiani Coral alimshika mkono, naye Merv akajifanya hajashtuka.

Siku ya kura walikaa mbele ya televisheni ya Coral. Nyama ya kondoo ilikuwa haijaiva, tayari ikatangazwa kuwa Hapana imeshinda. Coral akalia. Merv akaizima televisheni, akasogea karibu.

"Tuliomba kusikilizwa tu, Merv. Wameogopa nini?"

"Wengine sijui. Wengine, nilichoogopa mimi."

Nyama ikaanza kutoa harufu ya kuungua. Hakuna aliyeinuka.

"Niulize lile swali lako," Coral akasema.

"Leo? Leo una msiba."

"Ndiyo maana. Niulize."

Merv akamgeukia. "Coral, utakubali nikuoe?"

"Nimekubali. Nchi nzima ikatae, humu ndani asikatae mtu." Akajifuta machozi, akamtazama kwa jicho la uchokozi. "Ila ujue, uwanja wako sasa nimeuchukua."

"Chukua," Merv akasema. "Chukua na mwenyewe."