Zoezi la Kuangusha Ndege

Uvumi ule ulimganda Kasuku kama ruba. Alioga nao, akaenda nao shule, akalala nao kitanda kimoja. Kilichomtesa zaidi ni kwamba nusu yake aliitunga mwenyewe.

Kasuku halikuwa jina lake. Nyumbani walimwita hivyo kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo. Alikuwa darasa la sita. Dada yake mkubwa alisomea urubani katika chuo kilicho nje ya mji, na mama yao, fundi cherehani, alimsimulia kila mteja habari hiyo.

Siku moja, kwenye foleni ya maji, Kasuku alisikia kwamba chuoni kuna zoezi la kuangusha ndege. Juu kabisa angani, mwendo wa ndege hupunguzwa makusudi hadi mabawa yashindwe kuibeba. Ikianza kuporomoka, mwanafunzi aiokoe. Watu wakasema mwaka juzi kijana mmoja alishuka akitetemeka, akakaa chini kwenye nyasi.

Basi, hayo tu. Lakini kufika nyumbani, Kasuku akatia chumvi.

"Mama! Chuoni wanaangusha ndege! Kuna kijana alivunjika mgongo, hatatembea tena!"

Mama alisimamisha cherehani. "Nani kakwambia?"

"Kila mtu anajua. Walimu wanaficha. Hata ukiwauliza watakataa."

Dada alikuwa akipiga pasi shati lake jeupe. Pasi ilikaa palepale hadi shati likatoa moshi.

Tangu hapo, kila siku ya zoezi lile, Dada aliumwa tumbo. "Uongo wa kuokoa roho si uongo," Mama alimwambia. Simu ya Kapteni, mwalimu wa Dada, ilipoita, Kasuku ndiye aliyesukumwa kupokea.

"Dada anaumwa tumbo, Kapteni."

"Tena? Mpe pole. Ila mwambie, asipofanya zoezi hili wiki hii, itabidi aache chuo. Siwezi kumpa ndege mtu asiyejua kuiokoa."

Kasuku alimfikishia Dada ujumbe huo bila kuongeza neno.

Jioni alimkuta Dada chumbani, ameketi kwenye kigoda, ameshika mwiko kama usukani. Ndege ikiporomoka, usukani husukumwa mbele, pua iiname, ndege ipate mwendo tena. Dada aliyajua hayo vizuri. "Sukuma, mjinga wewe, sukuma!" alijikaripia. Lakini mkono uliuvuta mwiko kifuani. Akajaribu tena, mkono ukavuta tena. Akainama akalia.

Wakati wa kula, Kasuku alikuwa akilibingirisha tonge lilelile mkononi.

"Leo redio yetu imeisha betri?" Dada alimtania.

Utani ule ulimuuma kuliko kofi. "Yule kijana hakuvunjika," alisema. "Alitetemeka tu. Mgongo niliuvunja mimi."

Mama aliinua mkono, kisha akaushusha polepole. "Ningekuchapa," alisema, "lakini tumbo la dada yako nimelitunga mimi."

Asubuhi wote watatu walikwenda chuoni. Mama, ambaye hakuwahi kushindwa na mteja yeyote kwa maneno, alisimama mbele ya Kapteni akichezea ncha ya mtandio wake. "Mwalimu, hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaogopa. Mimi ndiye niliyemfundisha kudanganya."

Kapteni aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia kioo cha ndege. "Mama, mwoga namfundisha. Nimewafundisha wengi. Lakini akiniambia tumbo, nitampa pole tu, nitamfundishaje?" Akamgeukia Dada. "Unaogopa nini hasa?"

"Mkono wangu. Unavuta."

"Basi tupande juu sana, tukaufundishe huo mkono. Kule kuna nafasi ya kukosea, nami nipo."

Ndege ilipanda hadi ikawa kama nzi. Ikainua pua, sauti ikafifia, ikaporomoka. Mama alishika uzio. Kasuku aliona kana kwamba yeye ndiye aliyeitupa. Ikatulia. Ikapanda tena, ikaporomoka tena.

Mwalimu msaidizi, kijana mrefu kama mlingoti, aliwasogelea. "Msiogope, mama. Mimi mara ya kwanza nilikaa kwenye nyasi pale, miguu ilinigomea."

Kasuku alitamani ardhi impasukie. "Shikamoo. Mimi ndiye niliyesema umevunjika mgongo."

"Alaa! Kumbe ndiyo maana shangazi alinipigia simu analia!" Kijana alicheka. Kasuku hakuweza kucheka.

Dada alishuka, shati limelowa jasho. "Kwanza nilivuta, Kapteni akaokoa. Ya pili nikasukuma nusu. Ya mwisho nimeiokoa mwenyewe." Akamkumbatia mdogo wake. "Bado naogopa, Kasuku. Ila sasa naogopa huku nasukuma."

"Nisamehe, Dada," Kasuku alisema, akalia.

Njiani Mama alisema, "Hofu haikutaka kutufukuzisha chuo, wanangu. Uongo ndio uliotaka." Kisha akawatajia ya kuepuka, nanyi msomao yashikeni:

Usiongeze neno kwenye habari uliyoisikia.

Usiseme "usiulize, watakataa." Anayekataza kuulizwa ana lake.

Usijifanye mgonjwa kumbe unaogopa.

Usimwombe mtoto adanganye kwa niaba yako, hata kwa mapenzi.

Usikwepe zoezi gumu likiwa na mwalimu karibu. Siku moja litakukuta peke yako.

Usilale na kosa ambalo kinywa chako kingeweza kulitengeneza leo.